Mwalimu Kwanza, Mashine Baadaye



Sisi wa hapa Unionville tumezoea kuwa jirani na kompyuta. Maabara ya IBM ilifunguliwa Warden Avenue mwaka 2001, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha York kilifungua kampasi yake Markham, karibu kabisa na kwetu. Vijana wetu hudhani utaalamu huu ulifika ndani ya maboksi pamoja na mashine. Mimi ni mhandisi, na jioni hufundisha sayansi ya kompyuta chuoni. Historia ninayoijua inasema vingine.

Mwaka 1950 Kelly Gotlieb alianzisha katika Chuo Kikuu cha Toronto somo la kwanza la kompyuta katika vyuo vikuu vya Kanada. Mashine kubwa iliyoitwa FERUT, iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti ya Uingereza, ilifika 1952. Ilipowashwa, watu waliofundishwa walikuwepo tayari. Hata hivyo kuiandikia programu kulikuwa kazi ngumu mno, kwani maelekezo yalitumia alama za mashine yenyewe. Mwaka 1954 Beatrice Worsley na Patterson Hume wakatunga Transcode, lugha nyepesi zaidi, ili hata mtaalamu wa fani nyingine aweze kujifunza kwa muda mfupi. Huo ndio ualimu: kuipunguza milima hadi mwanafunzi aipande.

Nyumbani Tanzania mambo yalikwenda kinyume. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, wakati chuo chetu cha Dar es Salaam hakikuwa na idara ya fani hiyo. Kitivo cha Uhandisi chenyewe kilianza 1973. Hesabu za serikali zilipovurugika, wananchi wenye ujuzi wa kuzirekebisha walikuwa wachache sana. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali.

Wengi hulilaumu agizo lile. Mimi naliona kama homa tu. Maradhi yenyewe yalikuwa uhaba wa walimu. Mtu asiyekielewa chombo hawezi kukitengeneza, na asichoweza kukitengeneza mwishowe hukikataa.

Miaka ya 1980 agizo lililegezwa. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Miaka thelathini baada ya marufuku, chuo kilekile kilikuwa na watu wa kuifanya kompyuta iseme lugha yetu.

Ndugu zangu, hapa ndipo habari hii inapotugusa. Tunapenda kukusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shule za nyumbani kwa kontena. Ni jambo jema. Lakini kompyuta hizo huishi miaka michache, ilhali mwalimu mmoja hufundisha miaka thelathini, na wanafunzi wake nao hufundisha wengine. Tena tusifichane: sisi tuliobaki ughaibuni ni sehemu ya walimu wanaokosekana kule.

Basi mwenye ujuzi huu anayepanga likizo nyumbani aongeze wiki mbili, akae na walimu wa chuo kilicho karibu na kwao, awaachie alichonacho. Kontena lifuate baadaye.