Barsirian arap Manyei: Mzee Aliyezuiliwa Miaka Arobaini

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mzee mmoja wa Nandi alikuwa bado kizuizini. Barsirian arap Manyei alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho ambaye Wanandi walimtegemea wakati wa vita na wa amani. Waingereza walimkamata mwaka 1923, akaachiliwa 1964. Hakuna mfungwa wa kisiasa katika historia ya Kenya aliyezuiliwa muda mrefu kuliko yeye. Hata Nelson Mandela wa Afrika Kusini alikaa gerezani miaka 27.

Mkazi wa Eldoret ana sababu ya kumjua. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya Wanandi kabla Makaburu hawajafika na magari yao ya kukokotwa na maksai mwaka 1908. Mji ulianza kama posta kwenye Shamba Nambari 64, ndiyo maana wenyeji wakauita Sisibo. Ardhi hiyo ilipatikana kwa wazungu baada ya upinzani wa Wanandi kuvunjwa, na waliouongoza walikuwa watu wa nyumba ya Manyei.

Alizaliwa katika ukoo wa Talai. Babu yake, Kimnyole arap Turukat, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa nyoka wa chuma atemaye moto. Wanandi walimuua mwaka 1890 wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata, na reli ikaja baadaye. Baba yake, Koitalel arap Samoei, aliwapinga Waingereza kwa takriban miaka 10. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na hapo akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen.

Manyei alishika wadhifa wa Orkoiyot mwaka 1919, watu wake wakiwa na uchungu mwingi. Mwaka 1920 ardhi ya Kipkarren na Kaimosi ilimegwa ikagawiwa askari wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Kodi ikapanda. Sotoka ilipozuka, serikali ikaweka karantini kuanzia 1921 hadi 1923. Mfugaji hakuweza kuuza ng'ombe wake nje ya Nandi, lakini kodi alidaiwa vilevile.

Mwaka 1923 Wanandi walijiandaa kwa saget ab eito, sherehe ambapo rika moja lilikuwa likilikabidhi rika lililofuata dhamana ya kulinda nchi. Serikali iliogopa kwamba umati huo ungegeuka kuwa uasi. Tarehe 16 Oktoba, siku chache kabla ya sherehe, Manyei alikamatwa pamoja na wazee wengine wanne, wakapelekwa Meru. Sherehe ikapigwa marufuku, na haijafanyika tena mpaka leo.

Baadaye alizuiliwa katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Mwanasiasa Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka mmoja kabla yake, alirudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jomo Kenyatta alikamatwa 1952, akawa huru 1961. Wote hao walimwacha Manyei kizuizini. Alipotoka, wakoloni waliomfunga walikuwa wamekwisha kukabidhi serikali. Aliishi huru miaka 10 tu, akafariki Aprili 1974.

Koitalel ana makumbusho Nandi Hills, na mwaka 2006 fimbo zake za uongozi zilirejeshwa kutoka Uingereza. Mwana wake naye anastahili kufundishwa shuleni, kwa maana alilipia nchi hii zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima. Aliyekuwa na miaka 15 Manyei alipofariki sasa ameshapita 60. Ndugu msomaji wa Eldoret, Kapsabet au popote ulipo, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyemwona au kumsikia, kaa naye sasa, umwulize majina, miaka na mahali, uandike.