Mizani ya Wagumu

Lango la Machame, kabla msafara haujaingia msituni, kila mzigo hupandishwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 20, unapunguzwa. Kanuni hiyo ni ya kuwalinda wapagazi, ambao hapa Kilimanjaro huitwa wagumu.

Zamani hawakuwa na wa kuwapimia. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na historia ikawakumbuka wao. Kambini, chini ya barafu, alibaki Mwini Amani wa Pangani akiwapikia, na chakula kililetwa na wapagazi kutoka Marangu.

Ilipita karibu karne nzima ndipo wanasayansi wakauliza: mbebaji hutumia nguvu kiasi gani? Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipima pumzi za wanawake wa Kijaluo, waliojitwika kichwani, na wa Kikikuyu, waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote.

Siri ilianza kufichuka mwaka 1995. Norman Heglund na wenzake waliwapitisha wanawake wabebaji juu ya mabamba yanayopima jinsi unyayo unavyoisukuma ardhi, na ardhi inavyousukuma unyayo. Mtu anayetembea ni bembea iliyopinduliwa: mwili ukiinuka juu ya mguu, mwendo hupungua, ukishuka, mwendo hurudi. Katika kupokezana huko, kila hatua hupoteza nguvu kidogo. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu. Hata hivyo si kila mbebaji ana ujuzi huo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 kutoka Afrika Kusini vilionyesha watu wanatofautiana sana.

Tena, vipimo vya bembea vilifanyika mahali tambarare. Kwa mgumu wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12 tu, na kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Kibo anapanda takriban mita 2,800. Mlimani bembea haisaidii kupandisha mzigo. Kila mita misuli hulipa taslimu.

Wageni huambiwa "pole pole". Wagumu huwapita njiani na mizigo yao, wawahi kusimamisha mahema.