Vyakula vya Mji Mkongwe: Kutoka mezani paani hadi urojo wa barazani

MGENI anayeshuka katika boti itokayo Dar es Salaam na kuuliza mahali pa kula katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, huelekezwa Forodhani kabla hajamaliza swali lake. Jibu hilo si baya, lakini ni nusu tu ya jibu.

Mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, huliwa kwa saa. Kila chakula kina wakati wake na mtaa wake, na anayesubiri jua lizame ndipo atoke kutafuta chakula huwa amekwishapitwa na mengi.

Siku huanzia Darajani. Soko la hapo lilijengwa mwaka 1904, na jina la mahali linatokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari ulioutenga mji na upande wa Ng'ambo. Asubuhi ndipo wenye mikahawa na akina mama wa nyumbani wanapowahi samaki, na ndipo panapopatikana vitumbua, maandazi, chapati na mbaazi za nazi zikiwa bado moto. Ifikapo saa nne, vilivyobaki ni vya waliochelewa.

Ukivitazama vyakula hivyo kwa makini, unaisoma historia ya visiwa. Muhogo, mahindi na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na viliingia pwani hii katika zama za Wareno. Sambusa, kachori na chapati vililetwa na Wahindi. Boko boko, yaani ngano iliyopikwa na nyama hadi vikashikana, ni ndugu wa harisi ya Waarabu, na halua ni ya Oman.

Safari hiyo haikuwa ya upande mmoja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi zilihamia Oman, na hadi leo katika nyumba za Maskati ambamo Kiswahili kinasemwa, maandazi na muhogo wa nazi si vyakula vya kigeni.

Jambo moja huwashangaza wageni wa ziara za mashamba ya viungo. Karafuu, zao lililoitajirisha Zanzibar katika karne ya 19, hutumika kwa uchache jikoni: chembe chache katika pilau, pamoja na mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nzima. Karafuu ililimwa ili iuzwe nje, na kwa miaka mingi mnunuzi wake mkubwa alikuwa Indonesia, ambako husagwa na kuchanganywa na tumbaku ya sigara.

Mchana, wafanyakazi wa maofisini na watalii hukutana katika mikahawa kama Lukmaan, huko Mkunazini. Vyakula hupangwa mbele ya mteja naye akachagua kwa macho: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, ndizi mbichi za nazi. Biriani ya hapa nayo ina desturi yake. Wali hupikwa peke yake na masala peke yake, viwili hivyo vikakutana katika sahani.

Lakini chakula ambacho Mji Mkongwe unaweza kukiita chake hasa ni urojo, na wakati wake ni alasiri.

Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, uliotengenezwa kwa unga, bizari ya manjano na embe mbichi au ndimu. Peke yake haushibishi mtu. Muuzaji hutia katika bakuli vipande vya viazi vilivyochemshwa, bajia, kachori, na pengine yai au mishikaki, kisha huumimina mchuzi juu. Halafu huja chatne ya nazi, pilipili, na mwishoni chipsi nyembamba za muhogo, ambazo sharti ziliwe kabla hazijalainika.

Anayeonja kwa mara ya kwanza hushangaa kukuta ukali, uchachu, ulaini na ukavu katika kijiko kimoja. Tofauti baina ya muuzaji na muuzaji iko katika uchachu: ukizidi, viungo vingine havionekani, ukipungua, bakuli linakuwa uji. Wenyeji hubishana juu ya nani anaupatia kama wengine wanavyobishana juu ya timu za mpira.

Urojo huuzwa mlangoni mwa nyumba, barazani au kwenye kibanda cha mtaani, maeneo ya Vuga yakiwa miongoni mwa yanayosifika. Wateja wake ni watoto wanaotoka shule, makarani wanaorudi nyumbani na majirani wanaotuma bakuli lao. Biashara ya namna hiyo hutegemea jambo moja tu: kwamba kuna watu wanaoishi mtaani.

Hapo ndipo penye shida. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimegeuzwa hoteli, nyumba za wageni na maduka ya vinyago, na familia nyingi zimehamia Ng'ambo na vitongoji vilivyo mbali zaidi. Sheria za uhifadhi hulinda milango ya nakshi na kuta za mawe na chokaa. Muuza urojo asiye na majirani hana sheria ya kumlinda. Ama atawafuata wateja wake Ng'ambo, au ataupunguza uchachu na pilipili ili kumridhisha mtu atakayepita mara moja asirudi tena.

Jioni ni zamu ya Forodhani. Bustani hiyo iliyo mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Ilikarabatiwa kwa ufadhili wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009.

Jua likitua, karabai na taa huwashwa, na meza hujaa kamba, ngisi, pweza na mishikaki. Hapa ndipo ilipopatia umaarufu "pizza ya Zanzibar", ambayo na ile ya Italia zimefanana kwa jina tu: ni chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya kima, kitunguu na yai, ikakaangwa katika taba. Ni jamaa wa karibu wa mkate wa mayai wa Mombasa.

Ushauri kwa mgeni ni kuuliza bei kabla ya kuchagua, na kutazama kwa makini samaki aliyekwisha kuchomwa mapema na anayesubiri kupashwa moto. Mwenyeji anayefika Forodhani mara nyingi huishia kwenye maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, na mkate wa ufuta.

Kwa mwenye uwezo, kuna meza za juu ya paa. Iliyotangulia kupata sifa ni ile ya hoteli ya Emerson on Hurumzi, katika jumba la karne ya 19 lililokarabatiwa na Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014. Wageni huvua viatu, hukaa juu ya mito na kuletewa chakula huku adhana ya magharibi ikisikika kutoka misikiti ya mji mzima. Mandhari hayana mfano. Chakula ni kizuri, ingawa nazi, ukwaju na iliki zilizomo sahanimo ndizo zile zile zilizoko chini mtaani, na gharama ya mlo mmoja ingeilisha familia kwa siku kadhaa.

Anayesafiri mwezi wa Ramadhani ajue kwamba mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwavunjia heshima wenyeji. Malipo yake ni futari: uji, tambi za sukari, muhogo na viazi vikuu vya nazi, kalimati. Baada ya sala ya tarawehe mitaa hufurika watu hadi usiku mwingi, na wauza kahawa hupita na mabuli yao wakigonganisha vikombe, kashata ikiwa pembeni kwa asiyependa uchungu wa kahawa tupu.