Ukanusho: Utetezi wa Marehemu Mbele ya Mahakimu 42

Anayefuatilia habari za Nairobi hakosi kusikia kwamba fulani alifikishwa mbele ya hakimu katika mahakama ya Kibera na akakana mashtaka. Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasikii tena. Lakini ndiyo yanayofaa kututoa kwenye tatizo la istilahi moja ya taaluma ya Misri ya kale, ambayo ikifasiriwa neno kwa neno inakuwa "ungamo hasi".

Istilahi hiyo inataja sehemu ya maandishi ambayo Wamisri, hasa tangu zama za Ufalme Mpya zilizoanza yapata mwaka 1550 KK, walizikwa nayo, yakiwa yameandikwa katika misokoto ya mafunjo. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Richard Lepsius aliyapa jina la Kitabu cha Wafu mwaka 1842 na akayagawa katika sura zenye nambari. Sura ya 125 ndiyo yenye kesi. Marehemu anaingia katika ukumbi wa Maat, mungu wa kike aliyebeba kwa pamoja ukweli, haki na utaratibu wa dunia. Humo anawakabili mahakimu 42, idadi ambayo mara nyingi huhusishwa na majimbo 42 ya Misri. Anamwita kila mmoja kwa jina lake, na kwa kila mmoja anakana kosa moja.

Sasa, ungamo liko wapi hapo? Muumini wa mtaa wa Kawangware, Nairobi, anayekwenda kuungama anakwenda kukiri alichokosea. Ukimwambia kuna ungamo ambalo ndani yake mtu hakiri hata kosa moja, atakuona unamchezea, na kuongeza "hasi" hakumsaidii kitu. Mimi napendekeza "ukanusho". Mtoto yeyote aliyesoma shule ya Kenya ameshakutana na agizo la "kanusha sentensi hizi", na mzazi wake amesikia ya kukana mashtaka redioni. Ipo tofauti moja ya kuzingatia. Katika mahakama ya Kibera mshtakiwa husomewa kosa kwanza, kisha hujibu. Katika ukumbi wa Maat hakuna anayesoma mashtaka. Marehemu ndiye anayeyataja na kuyakana, moja baada ya jingine.

Kukanusha kwenyewe kuna mtego. Wengi wetu tungeandika "sijaiba", "sijaua", kwa kuwa tafsiri za Kiingereza zinatuvuta huko. Lakini "sija-" huacha mlango wazi: sijala, labda nitakula baadaye. Aliyekufa hana baadaye ya kuiba. Hesabu yake imefungwa, na kitenzi chake kinastahili kufungwa vilevile: sikuiba, sikuua. Mfasiri asiyeliona hilo anamfanya maiti aonekane bado yumo mbioni.

Na makosa yenyewe ni yapi? Hapa ndipo maandishi haya yanaponigusa zaidi. Sura ya 125 ina orodha mbili, ya kwanza ikielekezwa kwa Osiris, mfalme wa wafu, na ya pili kwa wale 42. Yamo mauaji, wizi na kuwakosea miungu, kama ungetarajia. Lakini marehemu anakana pia kupunguza kipimo cha nafaka. Anakana kuongeza uzito kwenye mizani na kuchezea timazi yake. Mkazi wa Kawangware haelezwi hayo mara mbili. Mahindi na maharagwe anapimiwa kwa gorogoro, mkebe unaosemwa kuwa wa kilo mbili. Mkebe huo ukigongwa kitako kikaingia ndani, kwa nje unabaki na mdomo uleule na kimo kilekile, ila konzi nzima ya maharagwe haimo tena. Mnunuzi mzoefu hutia mkono ndani na kupapasa kitako kabla ya kupimiwa. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, ipo kwa ajili ya ulaghai wa namna hiyo. Mmisri aliupeleka mbele zaidi, hadi kwenye kesi ya milele.

Kisha maji. Marehemu anakana kuyazuia maji wakati wake na kujenga ukuta wa kuyakinga yanapotiririka. Bonde la Nile liliishi kwa mifereji, na aliyefunga mfereji juu alimwua wa chini kwa njaa. Kibera hakuna mifereji ya mashamba, kuna mabomba na mitungi ya lita 20. Bomba likikatwa, bei ya mtungi hupanda, na yupo anayeneemeka. Katika orodha ileile marehemu anakana kuwanyang'anya watoto maziwa mdomoni. Sijui namna ya kusoma maneno hayo nikayaita ya zamani.

Mizani ya ukumbini nayo inahitaji uangalifu. Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza, ni Waislamu, na kwao kama kwa Waswahili wa pwani mizani ni neno la sokoni na la siku ya hesabu. Katika Uislamu anayefaulu ni yule ambaye upande wa mema yake umekuwa mzito. Misri haikupima mema kwa maovu. Moyo uliwekwa upande mmoja na unyoya wa Maat upande wa pili, mungu Anubis akisimamia, mungu Thoth akiandika. Heri ilikuwa mizani isimame sawa. Moyo ulioshindwa uliliwa na Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, na mwenye moyo huo akafutika kabisa. Kwa hiyo tuandike "mizani" bila wasiwasi, ila tumwambie msomaji kwamba hapa uzito ni hatari.

Kwa nini basi moyo, ikiwa mdomo umeshakana yote? Kwa sababu moyo ndio shahidi. Waliohifadhi maiti walitoa mapafu, ini, tumbo na utumbo, moyo wakauacha. Juu ya kifua waliweka umbo la mbawakawa wa mavi, mara nyingi la jiwe la kijani, lililochorwa maneno ya sura ya 30B, ambamo marehemu anausihi moyo wake usisimame kinyume chake mbele ya mizani. Wafasiri wengine wangeandika "dhamiri". Mimi ningeacha "moyo", kwa kuwa Kiswahili kimeshatupa kitenzi chake. Kumsuta mtu ni kumkabili na uongo wake mbele ya watu, na mwenye hatia husema moyo unamsuta. Sura ya 30B ni ombi la marehemu asisutwe na moyo wake.