Ufululizi, si Ufasaha

Tangu mvua za kwanza kuna kikaratasi cha kurasa mbili kinachopita mikononi mwa watahiniwa wa Kiingereza hapa Lubumbashi. Kinaeleza, Kifaransa juu na Kiswahili chini, vigezo anavyotumia mtahini katika sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa IELTS. Waliokiandaa hawakutia majina yao, nami sitawatafutia. Wamefanya kazi ya bure na wanastahili shukrani kwa karatasi na wino. Lakini kigezo cha kwanza, ambacho Waingereza hukiita "fluency", wamekiita "ufasaha", na hapo shukrani zangu zikakoma.

Najua watakachojibu: kamusi zimesema hivyo. Ni kweli, nyingi zimesema hivyo, na kamati fulani, zile zinazokutana kwenye kumbi zenye viyoyozi na kumaliza orodha ya istilahi kabla ya chakula cha mchana, zimeligongea mhuri. Mhuri ni wino tu. Neno hupimwa kwa mzizi wake na kwa kazi linayopewa, na kwa mizani zote mbili "ufasaha" linapwaya.

Tuanze na mzizi. "Fasaha" tumelipata kwa Waarabu, katika herufi tatu za fa, sadi na ha. Wataalamu wao wa kale wa kamusi hulieleza kwa maziwa: povu likishaondoka, yakabaki safi na kuonekana yalivyo, ndipo hutumiwa kitenzi cha mzizi huu. Hutumiwa pia kwa alfajiri inapopambazuka. Maana ya msingi basi ni usafi na ubainifu, kitu kuondokewa na kilichokuwa kinakifunika. Mwendo haumo kabisa. Maziwa yametulia chomboni mwake. Kutoka mzizi huohuo wakapata "fus'ha", jina la Kiarabu safi kinachotofautishwa na lahaja za sokoni, na yeyote aliyewahi kumsikia mwanafunzi akijitahidi kuzungumza fus'ha, huku akisimama kila baada ya maneno mawili kuitafuta irabu ya mwisho, anajua kwamba mtu anaweza kuwa fasaha na bado akakwama njia nzima.

Kuna ushahidi mzito zaidi. Al-Khatib al-Qazwini, aliyefariki Dameski mwaka 1338, aliweka masharti ya neno fasaha katika Talkhis al-Miftah, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa balagha. Neno, asema, ni fasaha likisalimika na mambo matatu: mgongano wa herufi unaoutesa ulimi, ugeni unaomfanya msikilizaji akaulize maana, na uvunjaji wa kanuni za lugha. Sasa vitazameni vigezo vinne vya IELTS, kila kimoja kikiwa na robo ya alama. Ukikitoa cha kwanza, vinabaki msamiati, sarufi na matamshi. Ni yaleyale matatu ya Qazwini, karibu moja kwa moja! Waandishi wa kikaratasi wamelichukua neno linalobeba kigezo cha pili, cha tatu na cha nne, wakalibandika juu ya cha kwanza, ambacho ndicho pekee Qazwini hakukigusa katika masharti hayo.

Mtetezi mmoja wa "ufasaha" alinikumbusha, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kwamba katika Kurani Nabii Musa anamtaja nduguye Harun kuwa na ulimi fasaha kuliko wake, na kwamba Musa mwenyewe alikuwa na fundo la ulimi. Hoja hii siidharau. Ndiyo nzuri pekee niliyoletewa. Lakini Musa alikuwa akienda kumkabili Farao, si mtahini mwenye kinasa sauti na karatasi yenye vigezo vinne vilivyotenganishwa kwa mistari. Pale alipohitaji ubainifu wa hoja, mtahiniwa wetu anahitaji kwanza kutokatika.

Na kukatika ndilo tatizo. Binti mmoja wa Katuba ninayemsaidia kujiandaa alipewa kadi ya kueleza mahali panapojulikana mjini mwake. Hiyo ni sehemu ya pili ya mtihani: dakika moja ya kufikiri na kuandika vidokezo, kisha kuzungumza peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Akachagua, kama wachaguavyo wengi hapa, dohani ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio pembeni yake. Alianza vizuri: babu yake, zamu za usiku, moshi. Akafika kwenye mlima, akanyamaza. Macho darini, kalamu inagongagonga meza. Nilipomuuliza kilichomkwamisha, akasema: "Prof, jibu niko nalo. Niko natafuta mot ya muzuri, juu karatasi inasema ufasaha." Alikuwa akilitafuta jina la kitaalamu la mlima ule kwa Kiingereza, ilhali angeweza kusema, kwa Kiingereza cha shule ya sekondari, kilima cha uchafu uliobaki baada ya shaba kuyeyushwa, akaendelea na babu yake.

Maelezo ya alama yaliyochapishwa na wenye mtihani yako wazi. Chini ya kigezo hiki yanataja kusitasita, kurudiarudia, kujirekebisha, uwezo wa kusema kwa urefu na jinsi mawazo yanavyounganishwa. Uzuri wa maneno haumo. Aliye bandi ya 9 naye anaruhusiwa kusita, ila anasita kwa kuwaza la kusema, si kwa kutafuta neno wala kanuni ya sarufi. Yaani ule ukimya wa binti yule, aliodhani ni kodi ya ufasaha, ndio hasa unaokatiwa alama katika kigezo alichoambiwa kinaitwa ufasaha. Tafsiri mbaya imemfundisha kufanya kinyume.

Nageukia sasa kambi ya pili. Kuna msomi wa mji huuhuu anayelitetea neno "mtiririko" kwa ari ambayo ningependa aitumie kusahihisha karatasi za wanafunzi wake. Hoja yake ni moja: neno la Kiingereza linatoka katika Kilatini "fluere", yaani kutiririka, basi mtiririko. Kwanza, mtiririko una kazi tayari. Kila mwalimu wa insha kutoka Mombasa hadi Kolwezi husema "mtiririko wa mawazo" akimaanisha mpangilio wake, na kigezo cha kwanza cha IELTS kina nusu mbili, ya kutokatika na ya mpangilio. Tukimfuata mwenzetu tutaandika "mtiririko na mtiririko". Pili, kutiririka ni kitenzi chenye "-ika" mwishoni, na tabia ya vitenzi vingi vya namna hiyo ni kwamba jambo hutokea lenyewe. Maji hutiririka, machozi hutiririka, jasho pia, hasa mbele ya mtahini. Hakuna anayeyasifu machozi kwa juhudi zake. Tatu, kufuata mzizi wa Kilatini si sharti la tafsiri. Wafaransa, ambao Kilatini ni mama yao mzazi, hawakutiririka hata kidogo: katika toleo la Kifaransa la mfumo wa lugha wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 waliandika "aisance", neno ambalo wanaetimolojia hulifikisha kwenye Kilatini "adjacens", kilicho karibu, kilicho kando. Kwao, msemaji ni mtu aliye na nafasi ya kunyoosha miguu. Ikiwa wao wameruhusiwa kuanza upya, kwa nini sisi tufungwe na mto wa Warumi?

Neno langu ni "ufululizi".

Limetoka katika "fululiza", kufanya jambo bila kulikatiza. Tazameni mwisho wake. "Sikia" ni jambo linalokupata. "Sikiliza" ni jambo unalolifanya kwa kusudi na kwa muda. Mwisho huo wa "-liza" ndio unaolipa "fululiza" sura ya nia na uvumilivu, na ndicho kinachopimwa katika dakika ya pili ya kadi, pale maneno yote uliyoyapanga yamekwisha na mtahini bado anakutazama bila kukusaidia. Mtu ataniuliza kuhusu mvua, ambayo nayo hufululiza na haina nia. Mtu huyo hajakaa Lubumbashi mwezi wa Januari.

Umbo lake nalo halina kasoro. Peleleza imezaa upelelezi, ongoza imezaa uongozi. Fululiza inazaa ufululizi kwa kanuni ileile, nao hautagongana na "mfululizo", ambao ni kitu kilichokwisha kupangwa: mfululizo wa mechi, siku tatu mfululizo. Mfululizo ni matokeo. Ufululizi ni uwezo alionao mtu.

Kuna jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote, nalo ni nusu ya pili ya kigezo. Waalimu wa Kenya wamezoea kuiita "muwala", yaani mawazo kuungana na kufuatana. Neno zuri, na silipingi. Lakini wanafiqhi wanalifahamu neno la mzizi huohuo, muwalati, katika mlango wa udhu: kuosha viungo kwa kufuatanisha, bila kukaa kitambo kirefu hadi kiungo cha kwanza kikauke kabla ya kinachofuata. Wamaliki na Wahanbali wanaliwajibisha. Kwa Washafii, ambao ndio wengi pwani, ni suna. Kikauke au kisikauke! Hicho ndicho kipimo cha ufululizi nilichokuwa nikikitafuta: kusimama kunaruhusiwa, mradi sentensi iliyotangulia isiwe imekauka masikioni mwa msikilizaji. Ningeweza kudai kwamba muwala ndio ulipaswa kuwa jina la nusu ya kwanza. Sidai, kwa sababu umeshazoeleka darasani, na mimi, tofauti na kamati, sivunji nyumba yenye watu.

Wataalamu wa isimu tumizi wenyewe walishatahadharisha. Paul Lennon, mwaka 1990, alitenganisha maana pana ya neno la Kiingereza, yaani kuijua lugha vizuri kwa jumla, na maana finyu, ile ya mitihani ya mazungumzo, ambayo ni kipengele kimoja kati ya vingine. "Ufasaha" unaweza kusimama kwa ile pana, nami nitauachia huko kwa moyo mweupe. Kabla yake, mwaka 1979, Charles Fillmore alitaja aina nne za wasemaji, na wa kwanza ni yule awezaye kuujaza muda kwa maneno bila pengo, mfano watangazaji wa michezo. Hapa kwetu halihitaji maelezo. Aliyesikia redioni mechi ya TP Mazembe, mpira ukiwa umelala katikati ya uwanja wa Kamalondo na mtangazaji hajalala, anaujua ufululizi hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Sarufi ya mtangazaji yule Qazwini asingeipitisha.

Nililipeleka neno hili mahali panapopokea mapendekezo ya istilahi. Jibu lilikuwa fupi: "halijazoeleka". Bila shaka halijazoeleka; ndiyo maana linapendekezwa. Nani katika Katuba amezoea "ufasaha"? Dar es Salaam watasema fulani anamwaga ung'eng'e, nao wameeleweka bila kamati. Mjumbe mmoja aliongeza, si kwa maandishi, kwamba si kazi ya watu wa Katanga kuwafundisha wengine Kiswahili. Mjumbe huyo amsome Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Ataona kwamba reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, ililetea mji huu Kiingereza na lugha ya migodi ya kusini, na kwamba Wabelgiji walikibeba Kiswahili kwa sababu mojawapo ya kuuzuia ushawishi huo. Kiswahili chetu kiliwekwa hapa kama kizibo dhidi ya Kiingereza. Sasa kizibo kimetoka, vijana wanavuka mpaka wa Kasumbalesa na vyeti mkononi, na sisi ndio tunaokaa nao mezani jioni na saa ya kuhesabia dakika. Tuna haki ya kuchagua jina la tunachokifundisha.

Matumizi yake hayana ugumu: kigezo chote ni "ufululizi na muwala", mtu ni mfululizi, "amefululiza vizuri, muwala bado". Katika C1 Advanced ya Cambridge, ambako watahiniwa hukaa wawili mbele ya watahini wawili na jambo hili limemezwa ndani ya kigezo cha kuusimamia usemi, neno linafaa vilevile. Binti wa Katuba nimemwambia alifute "ufasaha" kwenye karatasi yake kwa kalamu. Kuhusu kule kujirekebisha katikati ya sentensi, ambako kikaratasi kimekuita "uhariri wa papo kwa papo", nitaandika mara nyingine, nikiwa nimetulia.