Jino la Dhahabu na Mwanya wa Tupa



Hapa Galula, katika bonde la Songwe, maimamu huulizwa maswali mawili yanayofanana kwa nje. Je, yafaa kuziba pengo la jino lililong'oka? Na je, yafaa binti kuchongwa mwanya ili apendeze? Wapo wanaoyajibu yote mawili kwa neno moja, haramu; na mwenye pengo akabaki anaziba mdomo kwa kiganja kila akicheka, ilhali sharia haikumfunga.

Asili ya katazo ni Hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kulaaniwa wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri. Sisi Waswahili tumeuhesabu mwanya kuwa pambo, kwa hiyo Hadithi hii inatugusa hasa. Mwanya wa kuzaliwa hauna neno. Unaokatazwa ni wa tupa. Lakini tazama kifungu "kwa ajili ya uzuri". Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) alifafanua kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kutafuta uzuri. Ama kikihitajika kwa tiba au kwa kasoro ya jino, hapana ubaya.

Upande wa pili yuko Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua siku ya Kulab zama za Jahiliyya. Alitia pua ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Tirmidhi, baada ya kuipokea Hadithi hii, akataja kuwa wanachuoni kadhaa walifunga meno yao kwa dhahabu na kwamba hiyo ni hoja yao. Abu Hanifa aliridhia fedha tu katika meno. Mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan akaruhusu dhahabu pia. Na sisi Mashafi tunasoma katika Minhaj kuwa pua, ncha ya kidole na jino vya dhahabu ni halali, ila si kidole kizima.

Aliyeyageuza haya kuwa somo la mikono ni Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia (aliyefariki mnamo 404 H/1013). Katika juzuu ya thelathini ya At-Tasrif, akiwaita wanafunzi wake wanawe, aliwachorea vyombo vya kukwangua ukoga, akawafundisha kupiga tupa jino lililoota vibaya, kufunga meno yanayolegea kwa uzi wa dhahabu kwa kuwa fedha huharibika, na kuchonga mfupa wa ng'ombe badala ya jino lililopotea. Aliwakemea vinyozi wanaokimbilia kung'oa, wakaliacha bovu na kuling'oa zima. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na Ulaya ikasomea humo.

Nchini mwetu shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1979. Swali la kwanza la mwanafunzi ni lile lile la mafakihi: jino lina nini? Limeoza, limevunjika, limepinda, au limetiwa madoa na maji yenye floraidi nyingi, kama yanavyoonekana Arusha na Kilimanjaro? Yote hayo ni kuondoa kasoro. Ajaye na meno mazima akitaka mwanya hana kasoro ya kuondolewa; na ganda gumu la jino, tupa ikishaliondoa, haliotí tena.