Hesabu za Wahandisi Katika Kuhama Toka Programu Moja Hadi Nyingine

Historia ya uhandisi husimuliwa kwa kawaida kwa kutaja madaraja, mabwawa na mitambo. Ni nadra isimuliwe kwa kutaja hesabu zilizotangulia kazi hizo, ingawa daraja likipata ufa baada ya miaka thelathini, hesabu ndizo zinazotafutwa kwanza. Zamani zilikuwa kabatini, zimeandikwa kwa wino, na yeyote mwenye elimu ya kutosha aliweza kuzisoma. Tangu miaka ya 1980 zimo katika faili, na faili haisomeki pasipo programu inayoielewa.

VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston, ilitolewa Marekani mwaka 1979. Mwaka 1983 ilifuatwa na Lotus 1-2-3, ambayo haikukawia kutawala maofisini. Excel ilipotoka, kwanza kwa Macintosh mwaka 1985, kisha kwa Windows mwaka 1987, ilikuta dunia imekwisha kujaa faili za Lotus, na haikuwa na budi kuzikubali. Ilizikubali hata pamoja na makosa yao. Lotus iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, wenye tarehe 29 Februari, siku ambayo haikuwapo kamwe katika kalenda. Excel ikalirithi kosa hilo kwa makusudi ili tarehe zilizohamishwa zisisogee. Huko Macintosh hesabu ya siku ilianzia mwaka 1904, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni siku 1462.

Tarehe, hata hivyo, ni jambo dogo. Kubwa zaidi lilikuwa alama moja ya kutoa. Katika Lotus, namba hupandishwa kwanza kwenye kipeo chake, ndipo ifanywe hasi, kama wanahisabati wanavyofundisha; kwa hiyo –2^2 ni –4. Katika Excel alama ya hasi hutangulia, na jibu huwa 4. Chukua kanuni inayotumika sana katika takwimu na katika fizikia ya joto, yaani e iliyopandishwa kwenye hasi ya mraba wa x. Ikiwa x ni 2, Lotus hutoa 0.018 hivi. Maandishi yale yale, yakinakiliwa kwa mkono katika jedwali jipya la Excel, hutoa 54.6. Hakuna onyo linalotokea, wala kompyuta haisimami. Ni kweli kwamba Excel ilipofungua faili ya Lotus yenyewe ilijiwekea kanuni za Lotus kwa jedwali hilo. Hatari ilikuwa kwa yule mfanyakazi mwenye bidii aliyeamua kuandika upya. Baadaye hata mlango ule wa kwanza ulifungwa, maana Excel ya mwaka 2007 iliacha kuzifungua faili za Lotus, na IBM, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Lotus mwaka 1995, iliacha kuiuza 1-2-3 mwaka 2013.

Mathcad ilizaliwa kwa nia nyingine. Kampuni ya MathSoft, iliyoanzishwa na Allen Razdow, iliitoa mwaka 1986 ili mhandisi aone mlinganyo kama alivyouandika ubaoni, pamoja na vizio vyake: mita ikijumlishwa na sekunde, programu hukataa. Kwa hakika hilo lilikuwa jambo la maana kuliko mapambo yote yaliyofuata. Kampuni ya PTC iliinunua mwaka 2006, ikatoa Mathcad 15 mwaka 2010, na mwaka 2011 ikaleta Mathcad Prime, ambayo haikuwa toleo jipya la nyumba ile ile, bali nyumba nyingine iliyojengwa upya. Prime haikufungua faili za zamani moja kwa moja. Zilipaswa kupitishwa katika kigeuzi, na kwa muda mrefu kigeuzi hicho hakikufanya kazi bila Mathcad 15 kuwemo katika kompyuta hiyo hiyo. Ni sawa na mkalimani asiyesema neno mpaka marehemu awepo.

Ugumu wake waonekana katika herufi m. Katika Mathcad ya zamani, mhandisi aliyeandika kwamba m ni tungamo la kilo 5 alikuwa ameifuta mita katika kurasa zilizofuata. Prime hutenganisha majina hayo kwa kuyapa lebo: m ya kizio na m ya kigeu ni vitu viwili. Kwa hiyo kila herufi ya faili ya zamani lazima iamuliwe ni ya ukoo upi, na uamuzi huo haufai kuachiwa mashine. Aliyeandika alijua alichokusudia. Lakini huenda amestaafu, au amefariki.

Usaidizi wa Mathcad 15 ulikoma tarehe 31 Desemba 2021. Ofisi zenye busara zilikuwa zimekwisha kuendesha hesabu za zamani na mpya sambamba, zikilinganisha matokeo mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Nyingine zilitosheka na kuchapa kurasa zote. Nakala ya namna hiyo husomeka, lakini haihesabu: anayetaka kubadili uzito wa lori moja tu juu ya daraja hana budi kuiandika milinganyo yote upya.